Nani aliwatuma Los Aldeanos?

Desemba 11, 2014, shirika la habari la Associated Press lilimwaga mtama penye kuku wengi. Liliandika kwamba tangu 2009, na kwa zaidi ya miaka miwili, USAID, lile shirika la misaada la Marekani, lilikuwa limejipenyeza kimyakimya kwenye hip hop ya Kuba. Kazi ilipewa kampuni ya Creative Associates International, nayo ikaajiri Waserbia waliotua Havana kwa sura ya mapromota wa muziki. Nia ilikuwa kuwabeba marapa wenye mistari mikali ili vijana waje waitikise serikali. Katika marapa wote, jicho lilitua kwa Los Aldeanos, vijana wawili wa Havana: Aldo Rodríguez, anayejiita El Aldeano, na Bian Rodríguez, ambaye mtaani ni El B tu.

Tangu siku ile, ukitaja Los Aldeanos mbele ya watu wanaofuatilia siasa za kule, hasa sisi tuliolelewa kumheshimu Fidel Castro kwa sababu ya askari wake kule Angola na kwa sababu ya madaktari wake, jibu linakuja upesi: ah, hao walikuwa wa mabeberu. Faili linafungwa. Nadhani limefungwa mapema mno, na waliolifunga hawakuangalia tarehe.

Los Aldeanos walianza Februari 2003, kwenye mtaa wa Nuevo Vedado. Waserbia wa Creative Associates walifika 2009. Kati ya hapo kuna miaka sita, na miaka hiyo sita ndiyo kesi nzima. Watu wanaipita haraka kwa sababu habari ya ujasusi ni tamu kuliko habari ya vijana wawili waliojifungia chumbani wanarekodi. Lakini kama kundi lilikuwa tayari linachana mistari ile ile, kwa hasira ile ile, dhidi ya watu wale wale, miaka sita kabla dola ya kwanza ya USAID haijapita Panama kuelekea Kuba, basi dola hiyo haikuandika mstari hata mmoja.

Tukae kidogo kwenye miaka hiyo. Machi 2003, mwezi mmoja baada ya kundi kuzaliwa, serikali iliwazoa wapinzani 75, wengi wao waandishi wa habari wa kujitegemea na wanaharakati, na baadhi wakapigwa vifungo vya hadi miaka 28. Huo ndio msimu ambao vijana hawa walichagua kuanza kuikosoa serikali hadharani. Mtu anayetafuta riziki haanzi hivyo. Hata kifaa cha kazi chenyewe kilikuwa na utata: raia wa kawaida wa Kuba aliruhusiwa kununua kompyuta dukani mwaka 2008, baada ya Raúl Castro, mdogo wake Fidel, kushika usukani. Mwenye nayo kabla ya hapo aliipata kwa kuunganisha vipuri, au kwa ndugu aliye nje, au kwa njia ambazo hakupenda kuulizwa. Ndani ya mazingira hayo zilikuwepo studio za nyumbani, maarufu zaidi ikiwa Real 70 ya prodyuza Papá Humbertico, nje kidogo ya Havana. Unaingiza sauti chumbani, unachoma CD, unampa rafiki, rafiki anakopi anampa mwenzake. Albamu ilivuka kisiwa kizima hadi Santiago bila kupita redioni wala dukani. Na Los Aldeanos walitoa albamu baada ya albamu kwa njia hiyo, pamoja na kazi za kila mmoja peke yake, kwa kasi ambayo msanii mwenye lebo hawezi kuiota.

Walichana nini? Polisi anayemsimamisha kijana mweusi na kudai kitambulisho huku mtalii akipita na kamera yake. Hoteli za nchi yao ambazo Wakuba wenyewe hawakuruhusiwa kulala, marufuku iliyoondolewa mwaka huo huo wa 2008. Wasichana wa mtaani kwao na wanaume wa kigeni. Wakubwa wanaohubiri kujinyima huku wao hawajinyimi. Na lile jambo lililoikera Kuba nzima, pesa mbili: mshahara ulilipwa kwa peso, lakini mafuta ya kupikia na sabuni vilikuwa kwenye duka la CUC, pesa ya pili ambayo mshahara haukuigusa. Mambo haya hayahitaji mfadhili kutoka Washington. Kama kuna aliyewatuma, ni mama aliyewatuma dukani na peso mkononi.

Kuna jambo lingine linalowapa tabu wenye nadharia ya vibaraka. Mmoja wa marapa waliosimama nao bega kwa bega alikuwa Silvito el Libre, mtoto wa Silvio Rodríguez. Msomaji asiyemjua Silvio: huyo ndiye sauti ya mapinduzi ya Kuba kwenye gitaa, mtu ambaye nyimbo zake zimeimbwa na mrengo wa kushoto wa Amerika ya Kusini nzima. Damu yake mwenyewe ilikuwa upande wa hawa wanaoitwa maadui. Naye alitumwa? Los Aldeanos wenyewe, enzi zile, walikataa kuitwa wapinzani. Walijiita wanamapinduzi, na malalamiko yao makubwa yalikuwa kwamba mapinduzi yametekwa na watu wasioyaishi. Unaweza kuwaita watoto, au wakorofi. Mawakala ni neno linalohitaji ushahidi.

Lakini serikali ya Kuba nayo haikuwa inaweweseka. Vikwazo vya Marekani vimekuwepo tangu 1962, na mwaka mmoja kabla yake kulikuwa na uvamizi wa Playa Girón uliopangwa na CIA. Sheria ya Helms-Burton ya 1996 haikuficha kitu: iliruhusu waziwazi fedha za Marekani ziwafikie wanaotaka kubadilisha mfumo wa Kuba, na kwa miaka mingi Bunge la Marekani lilitenga takribani dola milioni 20 kila mwaka kwa programu za namna hiyo. Miezi michache tu kabla ya habari ya hip hop, Aprili 2014, Associated Press hiyo hiyo ilikuwa imefichua ZunZuneo, mtandao wa ujumbe wa simu uliojengwa kwa pesa za USAID ili kuwakusanya vijana wa Kuba bila wao kujua nani yuko nyuma yake. Serikali iliyopitia yote hayo ikiona kikundi cha vijana kinapata vifaa vipya na tiketi za kwenda Ulaya, ina haki ya kuuliza maswali. Ningekuwa mimi ningeuliza.

Wapenzi wa Los Aldeanos wana jambo lao wanaloliruka pia. Hip hop ya Kuba haikukulia msituni. Ilianzia Alamar, lile eneo la magorofa ya zege mashariki mwa Havana, ambako vijana wa miaka ya 1980 na 1990 walikuwa wanafunga nyaya juu ya mapaa ili kunasa redio za Miami. (Kwa hiyo ukitaka kusema Marekani iliingia kwenye rapu ya Kuba, ni kweli, iliingia kwa waya wa antena, bure, bila mkataba.) Mwaka 1995 tamasha la kwanza la rapu lilifanyika, na Asociación Hermanos Saíz, taasisi ya wasanii vijana iliyo chini ya mfumo wa serikali, ikaja kulibeba. Harry Belafonte amesimulia jinsi alivyokaa na Fidel Castro kwa saa nyingi akimweleza umuhimu wa muziki huu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Utamaduni ikaanza kuuchukulia kwa uzito. Mwaka 2002 likaanzishwa shirika kamili la serikali la rapu, Agencia Cubana de Rap, pamoja na jarida la hip hop. Taja nchi nyingine iliyokuwa na shirika la umma la marapa mwaka 2002.

Na waliobaki ndani hawakuwa mabubu. Kundi la Obsesión, Magia López na Alexey Rodríguez, lilichana dhidi ya ubaguzi wa rangi likiwa ndani ya mfumo, kwenye nchi ambayo msimamo rasmi ulikuwa kwamba ubaguzi ulikufa na mapinduzi ya 1959. Waliitaka sanamu ya José Miguel Gómez iondolewe kwenye Avenida de los Presidentes, katikati ya Havana, kwa sababu huyo ndiye rais ambaye chini yake, mwaka 1912, jeshi liliua maelfu ya Wakuba weusi walioandamana kutetea chama chao. Hiyo si mistari ya kujipendekeza. Magia mwenyewe baadaye akapewa kuliongoza shirika la rapu. Kwa hiyo anayesema kwamba ndani ya mfumo hakukuwa na nafasi ya kusema ukweli, anawadharau watu waliousema.

Shida ni mpaka wa nafasi hiyo. Ungeweza kusema juu ya mwaka 1912. Ungeweza, kwa tahadhari, kusema juu ya rangi. Ukifika kwenye polisi wa leo na mkubwa wa leo, unagonga ukuta. Kwenye tamasha la Alamar la 2002, Papá Humbertico alipanda jukwaani na bango lililoandikwa Denuncia Social, kuyashtaki maovu ya jamii, akawachana polisi mbele ya watu, na balaa lake lilikuwa kubwa. Shirika la rapu nalo lilichukua vikundi vichache tu. Kule Kuba, msanii asiye chini ya taasisi ya serikali hakuwa na njia halali ya kulipwa kwa shoo. Kwa hiyo mwenye kuachwa nje ya orodha hakukosa heshima tu. Alikosa jukwaa, spika, na malipo, na akibahatika kupiga shoo anapiga kama mtu anayevunja sheria.

Hapo ndipo Waserbia walipoingia, na sehemu hii haijatafakariwa vya kutosha. Wazo walilokuja nalo lilitoka kwao: mwaka 2000 vuguvugu la vijana la Otpor lilichangia kumwangusha rais wao, Slobodan Milošević, na muziki ulikuwa sehemu ya kampeni zake. Wakaamini Havana itakubali dawa ile ile. Kukawa na kampuni ya kivuli Panama na njia za benki za kuzungusha pesa ili Marekani isionekane. Juanes, mwimbaji wa Colombia, alipopiga tamasha lake kubwa la Septemba 20, 2009, jijini Havana kwenye uwanja wa Plaza de la Revolución, promota wa Kiserbia alihangaika Los Aldeanos wapandishwe jukwaani. Hawakupandishwa. Desemba mwaka huo huo Alan Gross, mkandarasi mwingine wa USAID, alikamatwa Kuba kwa kuingiza vifaa vya intaneti, baadaye akahukumiwa miaka 15. Mwenye akili angesimama hapo. Programu ya marapa iliendelea.

Baada ya habari kutoka, USAID ilijibu kwamba madai ya kazi ya siri ni ya uongo. Sasa, kampuni ya kivuli Panama ni ya nini kama hakuna siri? Ushahidi uliochapishwa unaonyesha kwamba wanamuziki hawakuambiwa pesa inatoka wapi. Waliojua kule kisiwani hawakufika hata kujaza viti vya gari dogo. Los Aldeanos waliona mzungu wa Ulaya Mashariki mwenye mapenzi na rapu, mwenye vifaa, mwenye kuwajua watu wa matamasha.

Je, hawakupaswa kuuliza? Hili ndilo swali gumu kwa upande wangu, na sitalikwepa. Promota ambaye hadai asilimia, hauzi tiketi, na bado ana nauli, ni mtu wa kumtilia shaka popote duniani. Rapa anayejenga jina lake lote juu ya kutonunulika ana wajibu wa ziada wa kujua nani analipa bili ya hoteli. Wangeuliza. Lakini tuangalie na mlango wa pili. Serikali ilikuwa imewafungia kila njia halali ya kupata chochote kutokana na kazi yao. Hakuna lebo, hakuna redio, hakuna ukumbi, hakuna mrabaha. Ukimfungia mtu maji ya bomba, huwezi kumshtaki kwa kunywa ya kisima bila kupima. Mfumo uliotaka kuwadhibiti marapa wote ndio uliowaacha wasio ndani yake mikononi mwa yeyote atakayekuja na spika. Sijaona mtetezi wa serikali ya Kuba akilijibu hili.

Na madhara? Hapa ndipo hasira yangu inapohamia Washington. Mwaka 2009 Aldo alikamatwa kwa madai ya kuwa na kompyuta isiyo halali. Watu waliohusishwa na programu walihojiwa tena na tena na vifaa vyao kuchukuliwa. Kisha likaja suala la Rotilla. Hilo lilikuwa tamasha la ufukweni, mashariki mwa Havana, lililoanzishwa 1998 na watu binafsi, la muziki wa elektroniki kwanza na baadaye kila kitu. Halikuwa na kiingilio, wala hotuba za ufunguzi za mkubwa fulani. Agosti 2010 Los Aldeanos walipanda jukwaa la Rotilla mbele ya maelfu ya vijana na kusema yale yale waliyokuwa wakiyasema chumbani tangu 2003. Waserbia nao walikuwa wameanza kulisogelea tamasha hilo. Mwaka 2011 serikali ikalichukua, ikaweka tamasha lake pale pale na jina jipya, na waandaaji wa miaka yote wakabaki nje ya kitu walichokijenga kwa zaidi ya muongo mmoja.

Ipime hiyo. Kabla ya dola za USAID kulikuwa na tamasha huru kubwa moja, na kundi kali kuliko yote likiwa nyumbani kwake Havana. Baada ya dola, tamasha limekwenda, na Los Aldeanos wamehamia Florida ya kusini, baada ya kazi yao kubanwa kila upande. Rapa ambaye mistari yake yote ilikuwa duka la CUC na polisi wa Havana, sasa yuko kwenye barabara kuu za Florida akichana juu ya foleni ambayo hasimami tena. Kama lengo la USAID lilikuwa kuondoa sauti huru Kuba, ni mradi uliofanikiwa sana. USAID yenyewe ilivunjwa 2025 na kazi zilizobaki kumezwa na Wizara ya Mambo ya Nje, na nadhani hakuna aliyewahi kwenda Havana kuomba radhi.

Kibaya zaidi ni silaha waliyoiacha nyuma. Kabla ya 2014, serikali ikisema rapa fulani analipwa na Wamarekani, mtu aliweza kucheka. Baada ya hapo hakuna wa kucheka, kwa sababu kuna marapa ambao kweli, bila kujua, pesa hiyo iliwazunguka. Kila aliyekuja baada yao analipia.

Aprili 2018, siku moja baada ya kuapishwa, Rais Miguel Díaz-Canel alitia saini Amri namba 349, iliyoanza kutumika Desemba: msanii haruhusiwi kutoa huduma yake mahali pa umma au hata pa binafsi bila kupitia taasisi ya serikali, na wakaguzi wanaweza kusimamisha shoo. Msanii wa Dar anayeijua BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, ataelewa harufu yake, ingawa ya Havana ni kali zaidi. Wasanii wa mtaa wa San Isidro, Havana ya kale, wakaunda vuguvugu la kuipinga, na miongoni mwao alikuwemo rapa Maykel Castillo, maarufu Maykel Osorbo. Mtu huyu hana uhusiano wowote na Waserbia wa 2009. Bado, kila vuguvugu hilo lilipofanya jambo, televisheni ya taifa ilirudi kwenye wimbo ule ule: wanalipwa na Washington.

Aprili 4, 2021, polisi walijaribu kumkamata Osorbo mtaani kwake, majirani wakawazuia. Picha yake ya siku ile ilizunguka dunia: mkono juu, pingu ikining'inia kwenye kifundo kimoja, nyingine ikiwa wazi. Mei 18 walimchukua nyumbani. Miezi mitatu nyuma alikuwa ameshiriki kwenye Patria y Vida, wimbo ambao walioandamana dhidi ya serikali Julai 11 waliuimba mitaani na ambao Novemba 2021 ulipata Latin Grammy mbili, yeye akiwa jela. Juni 2022 mahakama ilimpa miaka tisa.

Kwa miaka miwili vyombo vya serikali vilikuwa vimewaeleza Wakuba kwamba mtu huyu ni chombo cha nchi ya kigeni, na Kuba ilikuwa na sheria kali mahususi kwa kosa hilo, Sheria namba 88 ya 1999. Waendesha mashtaka walikuwa na muda wote, kompyuta zote na simu zote. Makosa aliyotiwa hatiani yalikuwa dharau, kumshambulia afisa, kuvuruga utulivu wa umma, na kuzikashifu taasisi, mashujaa na mashahidi wa taifa. Dola ya Marekani haikutajwa kwenye kosa hata moja.